Jinsi ya kusimamia mabishano ya vyama kundini bila kulivunja kundi

Maswali ni yale yale. "Nipige marufuku siasa?" "Huyu anayewatukana wenzake nimtoe?" "Watu wanatoka mmoja mmoja, nifanyeje?" Anayeuliza mara nyingi ni admini wa kundi la mtandaoni lisilohusiana na siasa hata kidogo: waliosoma pamoja, wafugaji wa kuku, wazazi wa darasa fulani, wapiga picha. Aliwakusanya watu wasaidiane, na sasa kila jioni ni chama hiki na chama kile. Uchaguzi ukikaribia ndiyo usiseme.

Mwongozo huu ni wako wewe admini. Hautakufundisha kumhamisha mtu chama. Lengo lake ni watu wa vyama tofauti wakae kundi moja, wabishane ikibidi, na kesho yake yule aliyebishana jana aweze kuuliza swali na akajibiwa na yule yule aliyebishana naye.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Admini mwenzako, mmoja au wawili. Angalau mmoja awe wa upande wa siasa usio wako. Usiruke hili, nusu ya hatua zinazofuata zinamtegemea yeye.
- Sentensi moja inayosema kundi ni la nini. Kama huwezi kuiandika, anzia hapo.
- Daftari au faili ya kumbukumbu: tarehe, nani, aliandika nini hasa, ulichukua hatua gani.
- Kuijua programu mnayotumia. Telegram inakuruhusu kumzuia memba mmoja asiandike kwa muda fulani, na kuweka muda wa kusubiri kati ya ujumbe na ujumbe. WhatsApp haina njia ya kumnyamazisha memba mmoja peke yake. Una kufuta ujumbe wake, kulifunga kundi ili waandike maadmini tu, au kumtoa. Jaribu vitufe hivi siku ya utulivu, usisubiri kuvitafuta watu wakiwa wameshapandisha.

Hatua ya 1: Amua siasa ina nafasi gani kundini

Wengi hukimbilia marufuku kabisa. Inaonekana rahisi mpaka uanze kuitekeleza. Mwezi Desemba 2016 wasimamizi wa Hacker News, uwanja wa mazungumzo ya watu wa teknolojia, walitangaza wiki moja bila siasa. Wiki haikuisha, jaribio lilisitishwa kabla ya wakati wake. Ugomvi ukahamia kwenye swali la nani anaamua lipi ni siasa na lipi si siasa.

Swali hilo litakufikia na wewe. Mfugaji akiandika kwamba chakula cha kuku kimepanda bei baada ya kodi mpya, hiyo ni siasa? Ni siasa, na pia ni jambo lake la kila siku, na kundi lako ni la wafugaji. Ukimfunga mdomo, umemnyima msaada aliofuata. Lakini wa pili akijibu "si mliwapigia kura wenyewe, sasa komeni", hapo hakuna tena habari ya kuku.

Kwa hiyo mstari mzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni huu: sera inayogusa shughuli za kundi inajadiliwa, ushabiki wa chama haujadiliwi. Kama memba wengi wanautaka huo ushabiki, wafungulie kundi la pembeni, anayetaka ajiunge kwa hiari yake.

Ipo njia nyingine, ya kuchagua upande waziwazi. Juni 2019 Ravelry, mtandao wa wafumaji, ulipiga marufuku kumuunga mkono Donald Trump na serikali yake ndani ya mtandao huo. Mwenye kundi ana haki hiyo. Ila akiichukua, aiseme mchana kweupe, na akubali kwamba wa upande wa pili wataondoka. Kinachoua makundi ni kuchagua upande kimyakimya huku kanuni zikisema hapa hatubagui.

Hatua ya 2: Andika kanuni chache, zihusu mwenendo

Kanuni ya "tuheshimiane" peke yake haisaidii kitu. Katika kila ugomvi, kila upande unaamini kwa dhati kwamba ni mwenzake aliyekosa heshima. Andika vitendo vinavyoonekana, ambavyo hata mgeni angeweza kusema kimefanyika au hakikufanyika. Unaweza kuanza na hizi:

> 1. Jadili jambo, usimjadili memba mwenzako.
> 2. Majina ya kudhalilisha wafuasi wa chama chochote (chawa, vibaraka, wasaliti na ndugu zake) yanafutwa.
> 3. Mabango, nyimbo na michango ya kampeni havitumwi humu.
> 4. Ukileta habari ya siasa, taja imetoka wapi.
> 5. Ya humu hayapelekwi kwingine kwa picha ya skrini.

Tano zinatosha. Zipitishe na admini mwenzako wa upande wa pili kabla ya kuzitangaza, na zitangaze siku ambayo hakuna ugomvi. Kanuni iliyozaliwa katikati ya ugomvi itaonekana imetungwa kumlenga mtu, na mara nyingi ni kweli.

Kisha zibandike juu ya kundi, na kila anayeingia mtumie. Hili lina ushahidi: utafiti wa J. Nathan Matias uliochapishwa 2019, uliofanyika kwenye jukwaa la sayansi la Reddit (mtandao wenye majukwaa mengi ya mijadala), ulionyesha kwamba kuweka kanuni juu ya mazungumzo kuliwafanya wageni wazifuate zaidi.

Hatua ya 3: Tambua mahali mazungumzo yanapogeuka

Tazama mfano huu wa kawaida kabisa. Memba anatuma picha ya barabara mpya:

> "Hatimaye na sisi tumefikiwa."
> "Hongera kwa serikali."
> "Hongera ya nini? Hizo ni kodi zetu."
> "Nyie wa upinzani hamjawahi kuona jema."
> "Bora sisi kuliko nyie mnaolipwa kusifia."

Ujumbe wa kwanza mpaka wa tatu unahusu barabara. Hata ule wa tatu, pamoja na ukali wake, una hoja ndani: nani apewe sifa kwa kitu kilichojengwa kwa kodi. Wa nne ndipo mazungumzo yalipoiacha barabara yakawarukia watu. Wa tano ni matokeo yake tu. Maadmini wengi huingilia baada ya wa tano, humkaripia huyo wa tano, na kumwacha wa nne aliyefungua mlango.

Dalili nyingine: watu wawili wanajibizana peke yao kwa kasi na wengine wote wamenyamaza, mtu anafukua aliyosema mwenzake mwaka jana, watazamaji wanaanza kutupia emoji za kicheko chini ya ujumbe mkali. Hiyo ya mwisho usiidharau. Anayechekwa hadharani atarudi na jiwe kubwa zaidi.

Nadharia kidogo, kwa sababu itakuokolea muda mwingi. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Geoffrey Cohen alichapisha majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Walipewa sera ya misaada kwa wasiojiweza, wakaambiwa chama kipi kinaiunga mkono. Wengi walifuata chama chao, hata pale sera ilipokwenda kinyume na itikadi yao, na waliamini kwamba wameamua kwa kuipima sera yenyewe. Ndiyo maana kumwaga takwimu katikati ya ugomvi wa vyama hakuuzimi. Mtu anatetea alikosimama kabla ya kutetea anachosema.

Hatua ya 4: Ingilia mapema, na urudishe jambo mezani

Kwenye mfano wetu, baada ya ujumbe wa nne, andika hivi:

> "Ndugu zangu, tulikuwa kwenye barabara. Kuna aliyefurahi kwamba imefika, na kuna anayesema ni kodi zetu, kwa hiyo sifa zirudi kwa walipa kodi. Yote mawili yanazungumzika. Mwenye kujua imegharimu kiasi gani atuwekee na chanzo. Habari za nani ni wa chama gani tuziache."

Ujumbe huo haujamtaja mkosaji, na umezieleza hoja zote mbili kwa namna ambayo wenyewe watazikubali. Hilo la pili ndilo linalotuliza. Mtu akishaona hoja yake imesikika, hitaji la kupiga kelele linapungua.

Kosa la kawaida: kuandika "Acheni siasa!" halafu basi. Angalia ujumbe gani ulikuwa wa mwisho kabla ya amri yako. Kama ni kijembe cha upande mmoja, umekigandisha pale juu kila mtu akisome, na umewazuia waliochomwa nacho wasijibu. Kwako umetuliza, kwao umeamua mshindi. Futa kijembe kwanza, ndipo useme basi.

Hatua ya 5: Mfuate mtu faragha, na uanze na wa upande wako

Hii ndiyo hatua inayoamua kama kundi litabaki.

Onyo la hadharani humlazimu mtu kujitetea mbele ya watazamaji. Mwandikie pembeni, mfupi, ukiyanukuu maneno yake kama yalivyo:

> "Habari za jioni kaka. Uliandika 'nyie mnaolipwa kusifia'. Hiyo inaangukia kanuni ya 1, nimeifuta. Hoja yako ya kodi ina uzito, iandike upya bila hilo neno, mimi mwenyewe nitaijibu."

Usimwambie "umekuwa mkali sana siku hizi" wala "watu wanakulalamikia". Atauliza watu gani, na mtaanza ugomvi mpya. Taja neno, taja kanuni, mpe njia ya kurudi.

Sasa, nani umfuate kwanza? Wa chama chako. Kejeli ya mtu unayekubaliana naye inakufikia kama utani. Kejeli ile ile kutoka upande wa pili inakufikia kama tusi. Hufanyi makusudi, ndivyo sikio linavyosikia. Lakini memba hawaoni nia yako. Wanaona nani kafutiwa ujumbe na nani kaachwa, na wanahesabu. Refa anayeshangilia goli moja tu, hata akipuliza filimbi kwa haki dakika zote zilizobaki, hakuna atakayemwamini.

Kuna kipimo rahisi. Kabla ya kuuacha ujumbe au kuufuta, badilisha jina la chama kichwani: weka lingine mahali pake, usome tena. Uamuzi wako umebadilika? Basi ulikuwa unaupima mkono ulioandika, hukuupima ujumbe. Kipimo cha pili ni admini mwenzako wa upande ule: mtumie bila kumweleza unaonaje, umuulize angefanya nini. Mkitofautiana, jadilianeni wawili faragha mpaka muwe na jibu moja. Mkitofautiana kila siku, kanuni zenu hazijaandikwa wazi, rudini Hatua ya 2.

Na wewe mwenyewe? Unaweza kuwa na chama. Hakuna anayekutaka uwe jiwe. Ila usiingie kwenye mjadala kama mchangiaji kisha dakika tano baadaye uvae uadmini. Ukishachangia mada fulani, mada hiyo aisimamie mwenzako.

Hatua ya 6: Punguza kasi kabla ya kufunga

Hasira ya kundi inaishi kwenye kasi. Telegram inakupa kuweka muda wa kusubiri, kuanzia sekunde chache hadi saa 1, kati ya ujumbe mmoja wa memba na unaofuata. Dakika tano tu zinatosha kuwafanya watu wasome kabla ya kujibu.

Kwenye WhatsApp huna hilo, kwa hiyo tumia njia ya mdomo. Wawili wakishajibizana mara nne hivi, waombe kila mmoja aandike ujumbe wake wa mwisho, kisha mada ifungwe. Namba hiyo sikuiokota hewani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha 2016 uchambuzi wa jukwaa la Reddit ambako watu huomba wenyewe kubadilishwa mawazo. Waliona kwamba kujibizana kidogo kunasaidia, lakini majibizano yakirefuka uwezekano wa kumshawishi mtu unashuka. Na hao walikuja wakitaka kushawishiwa! Kundini kwako hakuna aliyeomba.

Ikibidi kufunga kundi ili waandike maadmini tu, sema sababu na sema litafunguliwa saa ngapi, kisha lifungue saa hiyo hiyo. Angalizo: kundi likiwa limefungwa usiandike hata neno moja kuhusu mada iliyolifungisha. Kusema peke yako wakati wengine wamezibwa midomo ni dhuluma, hata kama ulichosema ni kweli.

Hatua ya 7: Dhibiti zinazofowadiwa

Ugomvi mwingi hauanzi na mawazo ya memba. Unaanza na kitu kilichofowadiwa ambacho mtumaji mwenyewe hakukisoma hadi mwisho. WhatsApp huweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliopita mikono mingi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupelekwa sehemu moja tu kwa wakati. Ukiiona alama hiyo kwenye habari ya siasa, weka sharti moja: mtumaji aeleze kwa maneno yake ujumbe unasema nini na umetoka kwa nani. Asipoweza, unafutwa. Hakuna haja ya kumuaibisha. Kazi ya kueleza yenyewe inawachuja wengi.

Hatua ya 8: Kumtoa memba

Panga ngazi na uzifuate kwa kila mtu: onyo faragha, onyo la pili lililoandikwa daftarini, kisha kutolewa kwa muda maalumu. Vitisho, kuanika namba au makazi ya mtu, na chuki za kabila au dini havisubiri ngazi. Mtu anatoka siku hiyo hiyo.

Uamuzi uwe wa maadmini wawili, wa pande mbili. Kisha tangaza kwa mstari mmoja: "Memba mmoja ametolewa kwa siku 14 kwa kanuni ya 2, baada ya maonyo mawili." Kwenye WhatsApp kila mtu ataona aliyetolewa, kwa hiyo kunyamaza kutazalisha uvumi. Ukishatangaza, usijadili. Na siku 14 zikiisha, mrudishe bila kungoja akuombe.

Hatua ya 9: Siku ya kura na matokeo

Hapa ni kifupi. Matokeo yatumwe yale tu yaliyotangazwa na tume husika. Tambo za ushindi na kejeli kwa walioshindwa ziwekwe kando kwa wiki moja. Usiku wa matokeo awepo admini macho, la sivyo funga kundi hadi asubuhi.

Yakikwama

*Wananiambia nina upendeleo.* Usijitetee kwa kuapa. Fungua daftari uhesabu: mwezi huu jumbe ngapi zilifutwa kila upande, kwa kanuni ipi. Toa hesabu bila majina. Kama hesabu imeegemea, kubali na urekebishe. Kumbuka pia kwamba upande mmoja unaweza kweli kuwa umekosea zaidi mwezi huo. Hapo ndipo admini mwenzako wa upande huo anapofaa, aseme yeye.

*Watu wanatoka kimyakimya.* Tangu 2022 mtu akitoka kwenye kundi la WhatsApp, maadmini ndio wanaojulishwa, kundi zima haliambiwi. Kwa hiyo wewe ndiye uliyepewa kengele hiyo, usiipuuze. Mwandikie aliyetoka, umuulize kwa upole kilichomkimbiza. Mara nyingi si mgombanaji. Ni yule aliyekuwa akijibu maswali ya wageni, akachoka kupitia jumbe mia za vyama kutafuta swali moja.

*Kumetulia, lakini upande mmoja haumo tena kwenye mazungumzo.* Huo si utulivu. Upande ule umeamua kundi si lao. Waulize faragha wawili watatu, kisha rudi kwenye daftari uangalie ulichoacha kipite.

*Mkorofi ni mwanzilishi wa kundi, au mtu mzima anayeheshimiwa na wote.* Kanuni haibadiliki, anayeifikisha ndiye anayebadilika. Mtafute anayelingana naye kwa umri au hadhi, ampigie simu. Maandishi huonekana makali kuliko sauti, na kwa mtu mzima yanaonekana makali maradufu.

*Kundi la pembeni limekuwa la chama kimoja.* Hutokea, hasa kama ulimweka admini mmoja huko. Weka wa pili kutoka upande uliopungua. Ikishindikana, lifunge au waachie walibadilishe jina liwe la chama chao, lisibebe tena jina la kundi lenu.

*Wamehamishia ugomvi faragha.* Waache, ni watu wazima. Isipokuwa mmoja akikuletea vitisho alivyotumiwa: mwambie atunze ushahidi, na aliyetisha anatoka kundini hata kama hakutishia humo ndani.

*Mimi mwenyewe nimeshapandwa na hasira.* Mwandikie mwenzako neno moja, "shika", uweke simu chini. Akishakujibu kwamba ameshika, usirudi kwenye mada hiyo mpaka kesho, na ukirudi soma kwanza yaliyoandikwa na wa upande wako.